Hesabu Ianzie Nyumbani
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mosocho



Mlipotuita mlisema tuzungumze juu ya watoto na hesabu. Sisi si wakaguzi wa shule. Ni wazazi na wana kikundi kama ninyi. Wengine wetu tumefundisha shule, wengine tuliishia darasa la saba, na mmoja wetu hakukaa darasani hata siku moja, lakini anauza ndizi na hapotezi hata shilingi. Tutawaambia yale tuliyojaribu na watoto siku za Jumamosi, na mengine ambayo watu wa kwingineko wamejaribu wakaona yanafaa.

Tuanze na kisa kimoja.

Mtoto aliyejificha kwenye miwa

Kuna kijana mdogo hapa kwetu, wakati huo alikuwa Gredi ya Tatu, anayelelewa na nyanya yake. Nyanya alikuja kwenye mkutano wa kikundi akiwa na hasira. Alisema, "Huyu mjukuu wangu anatoka nyumbani na yunifomu lakini shuleni hafiki. Anajificha kwenye miwa mpaka saa nne. Ni mvivu. Mumuonye." Kumbe hesabu ilikuwa somo la kwanza asubuhi.

Basi tukamwonya. Tuseme ukweli, hata tulimtisha. Mmoja wetu alimwambia kwamba mtu asiyejua hesabu atakuwa wa kubebea wengine mizigo. Mtoto aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Mimi ni mjinga wa hesabu." Wiki iliyofuata alirudi kwenye miwa.

Siku chache baadaye mama mmoja wa kikundi alimkuta kando ya barabara na rundo la avokado za nyanya yake. Bei ilikuwa shilingi 15 kila moja. Mama akachukua tatu, akampa noti ya mia. Mtoto akamrudishia 55 papo hapo.

"Umejuaje?" mama akauliza.

"Mbili ni thelathini. Na kumi na tano, arobaini na tano. Tano ifike hamsini, na hamsini ifike mia."

Mama akashangaa. Akatoa kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi 100 kutoa 45, moja juu ya nyingine kama zinavyoandikwa shuleni. Uso wa mtoto ukabadilika. Akaandika jibu: 145.

"Sasa ukiwa na mia, ukinunua vitu vya arobaini na tano, utabaki na mia moja arobaini na tano?"

Mtoto akajibu, "Hapana. Lakini hiyo ni ya shule."

Wapendwa, maneno hayo yalituchoma. Tulikuwa tumemwita mvivu mtoto ambaye kichwani mwake hesabu ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni daraja la kutoka kwenye avokado kufika kwenye karatasi. Na sisi tuliokuwa tukimuonya hatukuwa tumemuuliza hata swali moja.

Si yeye peke yake

Tusidhani ni mambo ya Mosocho tu. Kule Brazil, katika mji wa Recife, watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliandika mwaka 1985 juu ya watoto waliouza nazi na matunda barabarani. Walinunua kwao kama wateja wa kawaida, wakauliza bei na chenji. Watoto walipata karibu kila jibu, 98 katika kila 100. Baadaye watoto wale wale wakapewa hesabu zile zile kwenye karatasi bila habari za nazi wala pesa. Walipata kama 37 katika 100. Mwaka 2025 watafiti wengine walitangaza mambo yanayofanana na hayo kutoka masoko ya Kolkata na Delhi, India. Watoto wa sokoni walishindwa na hesabu za shule, na watoto wa shule walishindwa na hesabu za sokoni.

Si mnaona? Mtu akitembea Daraja Mbili pale Kisii atakuta watoto wanaojua kupima, kujumlisha na kurudisha chenji. Hao hao huenda shuleni wakaandika 145.

Hapa Kenya, utafiti wa Uwezo ulianza mwaka 2009. Watu wa kujitolea walienda nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto kazi ya Darasa la Pili, kusoma na hesabu. Katika miaka ile ya mwanzo waliona kwamba kati ya watoto 10 wa Darasa la Tatu, kama 3 tu ndio walioweza kazi hiyo ya Darasa la Pili. Masomo ya bure yalikuwa yameanza mwaka 2003, madarasa yakajaa. Watoto walikuwa ndani ya shule, lakini wengi walikuwa wamekaa tu.

Hesabu ni kama nyumba. Asiyeshika ya chini hawezi kupandisha ya juu. Mtoto akiingia Gredi ya Nne akiwa bado anahesabu vidole kupata 8 na 5, mwalimu anapofundisha kugawanya yeye bado yuko kwenye vidole. Wenzake wanamwacha. Anaona aibu. Baada ya aibu ni miwa.

Kujua hesabu maana yake nini

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kujua hesabu ni kujibu haraka fimbo ikiwa juu ya meza. Sivyo. Tunaposema mtoto amezoea hesabu tunataka mambo matatu. Kwanza, aelewe anachofanya. Pili, hesabu ndogo ndogo zimjie zenyewe bila kuhesabu moja moja. Tatu, asiogope kujaribu, na akikosea aweze kujirekebisha.

Na kwa nini zije zenyewe? Kwa sababu akili ina mahali padogo pa kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Mtoto akitumia mahali pote kutafuta 8 na 5, hakuna nafasi ya kukumbuka swali lilikuwa nini. Hofu nayo hujaza mahali hapo hapo. Ndiyo sababu mtoto anayejua jibu nyumbani hulisahau anapoona kiboko. Kupiga watoto shuleni kulikatazwa Kenya tangu mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikakataza tena. Lakini tusinyooshee walimu kidole peke yao. Sisi nyumbani ndio tunaosema, "Hata hii hujui?" Neno hilo nalo ni kiboko.

Tuanze na lugha yetu

Ekegusii chetu kina hazina ambayo wengi hatujaitazama. Hebu hesabuni pamoja nasi: saba ni isano na ibere, yaani tano na mbili. Nane ni isano na isato, tano na tatu. Sita pia ni tano na moja. Lugha yenyewe inamwonyesha mtoto mkono mmoja mzima na vidole vya mkono wa pili! Kwa Kiswahili, sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na mtoto hawezi kusikia ndani yake kuna nini. Halafu ishirini kwetu ni emerongo ebere, makumi mawili. Wazi kabisa. Kwa Kiingereza "thirteen" na "thirty" husikika karibu sawa, na watoto wengi huzichanganya, 13 ikawa 30.

Kwa hivyo msione haya kumfundisha mtoto mdogo hesabu kwa Ekegusii. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 imekubalika kwamba madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha inayosemwa mahali pale. Mtoto akishaelewa kwa lugha ya mama, ni rahisi kumwongezea majina ya Kiswahili na Kiingereza. Asipoelewa, majina matatu hayatamsaidia.

Nyanya na babu ambao hawakusoma, hapa mna kazi kubwa. Hakuna anayejua hesabu hizo za mkono kuliko ninyi.

Hatua za kufuata

Vifaa ni hivi: kokoto au mbegu za maharagwe, vijiti, kikombe, sarafu chache, na kadi zilizokatwa kutoka pakiti ya unga. Hakuna cha kununua.

1. Kuhesabu vitu. Mtoto wa nasari anaweza kuimba moja mpaka ishirini kama wimbo, lakini ukimwambia, "Nipe mbegu tano," anakupa saba. Huyo bado. Mfundishe kugusa kila mbegu mara moja na kusema namba moja tu. Akimaliza, muulize, "Ni ngapi?" Akianza kuhesabu tena tangu mwanzo, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi. Mhesabishe vitu vya kazi: viazi vya kumenya, vikombe vya wageni, mayai.

2. Kuona bila kuhesabu. Funua mbegu tatu au nne kwa muda mfupi, kisha funika. "Umeona ngapi?" Halafu tano kwa mstari, na mbili pembeni: isano na ibere. Vivyo hivyo kwa sarafu. Sarafu ya tano na mbili za moja ni saba.

3. Kuendelea kutoka ile kubwa. Ukimuuliza 8 na 3, mtoto mchanga huhesabu nane zote kwanza. Mwambie, "Nane iko tayari mfukoni. Endelea: tisa, kumi, kumi na moja." Na ukimuuliza 3 na 8, ajue kugeuza aanze na 8.

4. Marafiki wa kumi. Hii ndiyo nguzo ya nyumba. Weka mbegu kumi. Mtoto afumbe macho, uzifunike nyingine kwa kikombe. Akiona 6 nje, aseme zilizofichwa ni 4. Kisha yeye akufichie wewe. Watoto hupenda sana zamu yao ya kumtega mkubwa! Mcheze kila siku mpaka 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5 zitoke kama jina lake mwenyewe.

5. Mapacha. 2 na 2, 3 na 3, mpaka 10 na 10. Akijua 6 na 6 ni 12, basi 6 na 7 ni moja zaidi, 13.

6. Kuvuka kumi. Sasa muulize 8 na 5. Nane anataka mbili ili afike kumi. Toa mbili kwenye tano, zinabaki tatu. Kumi na tatu. Mtoto akipata hii, vidole atavisahau mwenyewe. Msimnyang'anye vidole kabla hajapata njia nyingine. Vidole si dhambi.

7. Makumi na moja moja. Vijiti kumi, fungeni kwa uzi wa mgomba. Vifurushi vinne na vijiti vitatu ni 43. Mtoto akishika vifurushi kwa mkono ataelewa kwamba ile 4 si nne tu, ni makumi manne.

8. Kutoa. Kuna njia mbili, na zote ni za haki. Moja ni kuondoa. Nyingine ni ya dukani, kupanda kutoka ndogo mpaka kubwa: 45, tano ifike 50, hamsini ifike 100. Ni 55. Kwa vijiti, 32 kutoa 17, afungue kifurushi kimoja. Hapo atakuwa na vifurushi viwili na vijiti kumi na viwili. Aondoe saba vibaki vitano, aondoe kifurushi kimoja kibaki kimoja. Ni 15. Yule wetu wa avokado aliandika 145 kwa sababu aliona sifuri haiwezi kutoa tano, akageuza akatoa sifuri kwenye tano. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kifurushi kikifunguliwa.

Jedwali la kuzidisha bila machozi

Wengi wetu tuliimba jedwali tukiwa tumesimama juani. Mtoto akiona hesabu 100 kuanzia 1 mara 1 hadi 10 mara 10, anakata tamaa. Lakini hebu tuzipunguze pamoja.

Panda mbegu za kabichi mistari 4, kila mstari miche 6. Simama upande wa pili, utaona mistari 6 ya miche 4. Ni kabichi zile zile 24. Kwa hivyo 4 mara 6 na 6 mara 4 ni kitu kimoja. Hapo 100 zimekuwa 55.

Ondoa za 1, za 2, za 5 na za 10. Za 2 ni mapacha. Za 5 na 10 anazijua kwa sarafu. Zinabaki 21.

Za 4 ni pacha wa pacha: 7 mara mbili ni 14, na 14 mara mbili ni 28. Za 9 zinatoka kwa za 10: 10 mara 7 ni 70, ondoa 7, ni 63. Ukiondoa na hizo, zinabaki 10 tu. Ziandikeni:

3 mara 3 ni 9
3 mara 6 ni 18
3 mara 7 ni 21
3 mara 8 ni 24
6 mara 6 ni 36
6 mara 7 ni 42
6 mara 8 ni 48
7 mara 7 ni 49
7 mara 8 ni 56
8 mara 8 ni 64

Moja kwa wiki. Wiki kumi, haifiki hata muhula mmoja na nusu! Ibandike juu ya mlango wa jikoni. Anayepita anaisema. Wiki inayofuata msisahau kuuliza na ya wiki iliyopita, kwa maana kitu kisichorudiwa huondoka. Na mtoto akisahau 6 mara 8, msimpe jibu mara moja. Muulize, "3 mara 8 ilikuwa ngapi?" Atasema 24. "Pacha wake?" 48. Amejifikisha mwenyewe.

Njia ya kuulizia

Tumejifunza mambo manne, mengine kwa kukosea.

Muda uwe mfupi. Dakika kumi kila siku hushinda saa mbili za Jumapili jioni. Mtoto akichoka, wekeni mbegu.

Ulizeni, "Umefikaje?" hata jibu likiwa sawa. Mkiuliza tu wakati amekosea, atajua kwamba swali hilo ni la kumkamata. Mara nyingi kosa lina sababu, kama ile 145. Ukijua sababu umepata dawa.

Msilinganishe watoto. "Dada yako alijua hii akiwa nasari" haijawahi kumfundisha mtu kujumlisha.

Na wasichana wasitumwe maji wakati wavulana wanacheza mchezo wa mbegu. Hili tuliliona kwetu wenyewe. Jumamosi ya kwanza walikuja wavulana tisa na wasichana wawili. Tulipouliza, wengine walikuwa mtoni, kwa amri yetu.

Kikundi kifanye nini

Mama mmoja anaweza kumsaidia mtoto wake. Kikundi kinaweza kusaidia kijiji. Sisi tunafanya hivi.

Kwanza tunampima kila mtoto kwa maswali sita: Nipe mbegu 8. Nina 6, nikiongezewa 3? 7 na ngapi ni kumi? 8 na 5? 43 ina makumi mangapi? 32 kutoa 17? Anapokwama, hapo ndipo tunaanza, hata kama yuko Gredi ya Tano. Shirika la Pratham, lililoanza Mumbai, India, mwaka 1995, limefanya hivi kwa miaka mingi: watoto hupangwa kwa kile wanachoweza, si kwa umri, kisha wanapanda. Sisi hatuiti kundi lolote "la wajinga." Tunaita kundi la mbegu, kundi la vijiti na kundi la karatasi.

Pili, wakati akina mama wanakusanya pesa za merry-go-round, watoto wakubwa wanakaa na wadogo na mchezo wa kikombe. Mkubwa akifundisha naye hukomaa.

Tatu, tunajenga lile daraja. Mtoto akishauza au kununua, tunamwambia aandike alichofanya. "Sema ulivyomrudishia chenji." Anasema. "Sasa andika." Mwanzoni anaandika kwa njia yake, halafu tunamwonyesha ile ya shule, na anaona kwamba jibu ni moja. Maana mtihani hautamletea avokado.

Nne, tunamwona mwalimu. Hatuendi kumlaumu. Tunaenda kumwambia, "Huyu anajua kwa pesa, hajajua kwa karatasi." Mwalimu mwenye watoto sitini mbele yake hufurahi kusikia habari kama hiyo. Mtaala mpya ulioingia nchi nzima mwaka 2019 unataka mtoto ajifunze kwa kushika na kutenda, kwa hivyo mbegu zetu hazigombani na shule.

Tano, tusisahau simu. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, kule Botswana wazazi walitumiwa hesabu chache kwa ujumbe wa simu kila wiki, na wengine wakapigiwa simu kama dakika 20 wafanye hesabu na mtoto. Ujumbe peke yake haukusaidia sana. Ujumbe pamoja na sauti ya mtu ulisaidia. Jambo hilo lilijaribiwa tena katika nchi nyingine, Kenya na Uganda zikiwemo, likaonekana kufaa. Basi wewe shangazi uliye Nairobi au Nakuru, ukipiga simu Jumapili usiulize tu kama mvua imenyesha. Muulize mtoto marafiki wa kumi!

Mtu atauliza, kuna haja gani na kila simu ina kikokotoo? Kikokotoo hakijui kama kidole chako kimebonyeza vibaya. Anayejua kukisia atajua kwamba kilo 19 za shilingi 20 haziwezi kupita 400. Asiyejua ataamini chochote kilichoandikwa, na atalipwa chochote.

Neno la mwisho

Tuwaambie na la kwetu. Katika kikundi chetu kuna mama aliyekataa kuwa mweka hazina miaka mingi. Kila uchaguzi tulimtaja kwa uaminifu wake, na kila mara alisema ana kazi nyingi. Tulipoanza mchezo wa mbegu alikaa na watoto, ati anawachunga tu. Baada ya miezi kadhaa alituambia kwamba sababu haikuwa kazi. Alikuwa akiogopa daftari tangu alipokuwa Darasa la Tatu, siku aliposimamishwa mbele ya wenzake mpaka kengele ikalia kwa sababu ya hesabu moja ya kutoa. Aliibeba hofu hiyo mpaka amekuwa nyanya. Mwaka huu yeye ndiye anayeshika daftari, na mjukuu anamhakikishia jumla.

Na yule mtoto wa miwa? Sasa yuko Gredi ya Tano. Si wa kwanza darasani. Kugawanya bado kunamsumbua, na majuzi alikosea tena kutoa mbele yetu. Lakini aliiangalia ile karatasi, akacheka, akasema, "Hapana, hii haiwezi, mia haiwezi kuzaa," akafuta mwenyewe akaanza upya. Nyanya yake alikuwa pale. Hakusema kitu, alimwongezea tu chai.

Haendi tena kwenye miwa. Kwa sisi, hayo ni mavuno.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Nani kati yetu aliogopa hesabu akiwa mtoto? Ilianza namna gani?
2. Watoto wetu hufanya hesabu gani kila siku bila sisi kuziona?
3. Kabla ya mkutano ujao, kila mtu ampime mtoto mmoja kwa maswali sita. Tumekuta wamekwama wapi?
4. Ni nani atakayeleta mbegu na kikombe?